Lipiko Ndani ya Hekalu la Hamudi

Silvesta mwenyewe ndiye aliyempeleka mkewe kwa Hamudi. Nalisema hili mapema kabisa, kabla hamjaanza kumwonea huruma, maana huruma atawaomba sana huyu bwana.

Hamudi ana nyumba ya wageni pale Masasi, ile yenye geti la buluu, majabali yakiwa nyuma yake. Miaka yote alikuwa anaishi kwa semina. Watumishi wanakuja, wanakula wali kuku, wanasinzia kwenye viti vya plastiki, wanasaini posho na kuondoka. Halafu akasikia kwamba ofisi siku hizi zinataka watu wao wacheze pamoja ili waelewane kazini. Akaenda Dar, akaingizwa kwenye chumba cha mafumbo na watu asiowajua, mlango ukafungwa, wakaambiwa mna saa moja, tafuteni njia ya kutoka. Alitoka amelowa jasho, anacheka peke yake. Aliporudi Masasi alikuja na mbunifu mmoja kijana aitwaye Walter, wakaanza kujenga vyumba viwili uani. Cha kwanza ni Msitu. Cha pili ni Hekalu, hekalu la Wamaya wa kale, watu wa Amerika waliojenga kwa mawe katikati ya pori na kuhesabu siku kuliko sisi tunavyohesabu vikao.

Silvesta aliitwa kutoka Newala kuja kuchonga, kwa sababu ni mchongaji anayejulikana tambarare nzima ya Umakondeni. Alipoona marobota ya vitambaa vya kijani hakujizuia.

"Bosi, majani yote haya nani atashona? Mke wangu ana cherehani."

Aliona mapato mawili yakiingia nyumba moja. Kingine hakukiona.

Bibiana akaletwa kushona majani. Alikuwa anafikia kwa shangazi yake hapo hapo Masasi, na Ijumaa anapanda kurudi Newala kwa mumewe na binti yao Ethel. Silvesta yeye alichukua vipimo akarudi kuchongea nyumbani, penye magogo yake na vifaa vyake. Juma halijaisha, Bibiana akamuuliza Walter kwa nini kamba za msituni zinavutwa na mtu mmoja wakati walioingia ni sita. Walter akakuna kichwa. Bibiana akasema kamba ziwe nne, kila moja kwenye kona ambayo wenzako hawakuoni, na mlango usifunguke mpaka zote zivutwe kwa pamoja. "Hapo lazima wapigiane kelele. Atakayejifanya bosi peke yake atakaa humo mpaka jioni." Walter akacheka, akachukua kalamu. Kuanzia siku hiyo majani yalishonwa na mtu mwingine.

*

Silvesta aliposhuka Masasi kuleta chui wa mbao, alisimamishwa getini.

"Shikamoo, mzee. Unamtaka nani?" aliuliza mlinzi, Jafari.

"Marahaba. Mimi ni fundi. Nimeleta kazi."

"Fundi gani? Mafundi wote wako ndani."

Silvesta akashusha gunia lenye chui. Jua linamchoma kisogoni. Alitaja jina lake, halikusaidia. Mwishowe akasema, kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba:

"Mume wa Mama Ethel."

"Aaa! Mume wa mbunifu! Si ungesema tangu mwanzo, mzee wangu? Pita, pita." Na gunia akampokea.

Mume wa mbunifu. Mtu amechonga tangu ndevu hazijaota, wageni wamebeba mpingo wake mpaka Ulaya, leo anapita getini kwa jina la mkewe! 

Ndani ya chumba cha Msitu aliwakuta Bibiana na Walter wamepiga magoti sakafuni. Katikati yao umesimama mwanzi mrefu uliotobolewa matundu kila upande. Ufunguo uko chini kabisa ya mwanzi, umefungwa kwenye kipande cha gome jepesi. Ukimimina maji, gome litaelea mpaka juu, lakini maji yanavuja kila tundu, kwa hiyo lazima vidole vya watu wote vizibe. Bibiana amebana matundu kwa mikono yote miwili, Walter naye vilevile, mikono imepishana, Walter amekibana kibuyu kati ya bega na shavu, maji yanawalowesha vifua, na wote wawili wanacheka hawana hata pumzi.

"Dada Bibi, kidole! Kidole cha chini!"

"Sina kidole kingine, Walter, nimemaliza vyote!"

Silvesta alisimama mlangoni. Hakuna aliyemwona. Tuseme kweli, hapakuwa na baya lolote hapo, ni watu wawili na mwanzi. Lakini hebu mtu aniambie, mkeo amecheka hivyo lini mara ya mwisho akiwa na wewe? Silvesta alijiuliza swali hilo, na badala ya kujilaumu akamchukia Walter.

"Hamjambo," alisema.

"Baba Ethel! Karibu, njoo, tuazime vidole vyako!"

"Nimechoka na safari," akajibu, akatoka nje kukaa juu ya gunia lake.

Mchana Hamudi aliita watu waje kula. Yeye, Walter na Bibiana walikaa mezani chini ya feni. Silvesta aliletewa sahani yake bandani, pamoja na waliokuwa wanapaka rangi mawe ya plaiwudi. Bibiana alipoliona hilo alinyanyuka na sahani yake amfuate mumewe, lakini Hamudi alikuwa ameshaanza kuongea.

"Mama Ethel, kaa unisikilize. Jumamosi wanakuja watu wa chama cha ushirika kutoka Tandahimba. Ndio wa kwanza. Wakifurahi, vyama vingine vyote vinakuja, na kazi nakupa wewe, kazi ya mkataba. Mafumbo lazima yabadilike kila baada ya miezi mitatu, la sivyo nani atarudi? Utakuwa unayatunga na kuyasimamia. Wakitoka wamenuna, basi, nafunga biashara na tunaachana kwa amani. Sitaki kukudanganya."

Bibiana alikaa polepole. Darasa la saba, cherehani ya kukanyaga, na leo mkataba. Alitafuta uso wa mumewe kule bandani. Silvesta alikuwa ameinamia ubwabwa wake, lakini masikio yalikuwa mezani.

Baadaye Walter alimkabidhi boksi lililokatwa umbo la kichwa. "Fundi, hiki ndicho kiini cha Hekalu. Uso wa mungu wao wa mvua. Ni wazo la Mama Ethel. Unaning'inia juu ya ngazi za hekalu, mmoja wao anaingiza kichwa ndani. Akichungulia kwenye macho haya, anaona nukta na mistari ya ukuta wa mbele ikijipanga kuwa namba. Wenzake walio chini hawaioni, wao wanaona machafuko matupu. Yeye anataja, wao wanazungusha gurudumu, mlango unafunguka. Unachonga tu ulivyozoea, ila macho yatobolewe hapa na hapa."

"Nimeona," alisema Silvesta.

"Dada Bibi ana kichwa, fundi. Una bahati."

Silvesta alilikunja boksi lile akalitia kwapani.

*

Newala, chini ya mkorosho ambao ndio karakana yake, Silvesta alikaa na gogo la msufi pori asianze kazi. Rafiki yake Mujibu, mchongaji mwenzake, alikuwa anakula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, huku akimtazama.

"Hela ya mboga siku hizi inakuja kwa simu, naona," alisema Mujibu. "Jana nilimwona Ethel dukani anatoa. Raha sana kuoa mwanamke wa ofisini."

"Mujibu, kula ming'oko yako."

"Nauliza tu. Huyo Walter ameoa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ungeuliza. Mimi ningeuliza."

Jioni simu iliita. Bibiana aliongea haraka, maneno yanamkimbia. "Baba Ethel, unajua Wamaya walikuwa na mahindi ya rangi nne? Ya njano, meupe, mekundu na meusi. Nataka niyatumie kwenye ngazi. Na unajua mahindi yenyewe yametoka kwao? Ugali wetu huu! Walter amenionyesha picha."

"Amekuonyesha lini?"

"Leo. Mbona?"

"Mko wapi saa hizi?"

"Niko kwa shangazi. Anakusalimu, huyu hapa. Baba Ethel, uso umefikia wapi?"

"Nachonga."

Alikata simu. Wivu una vituko vyake jamani, ulikuwa umeshaenea kutoka kwa Walter ukamkumba Hamudi, ukashuka kwa Jafari wa getini, na sasa umewafikia hata Wamaya wa kale, watu wasiomjua Silvesta wala ukoo wake. Walimtakia nini mkewe, hao? Jina lao halimtoki Bibiana mdomoni kutwa nzima, Wamaya hiki, Wamaya kile. Kuna kipindi jina lililokuwa mdomoni mwa Bibiana lilikuwa la Silvesta. Alikuwa mchezaji wa mapiko, vile vinyago vya Kimakonde vinavyovaliwa kichwani ngomani, hodari kuliko wote upande wa Kitangari. Lipiko lake likitokea uwanjani, wanawake wanapiga kelele na kukimbia, wanajificha nyuma ya nyumba, kwa sababu lipiko si mtu, ndivyo wanavyoambiwa. Mambo ya ndani ya lipiko ni ya wanaume waliopita jandoni. Mwanamke haligusi, halivai, wala hajui aliye ndani anaonaje njia. Siku hizi mapiko yanachezwa hata kwenye sherehe za serikali, watoto wanapiga picha, lakini mwanamke wa Kimakonde ukimwambia alivae atakuuliza kama una akili timamu.

Na hapo ndipo Silvesta alipopata wazo lake.

Alilitupa boksi la Walter kwenye moto wa kupikia. Akachonga lipiko. Akalitia chale mashavuni, akalitia ndonya, kile kibao cha urembo, mdomo wa juu, akalibandika nywele za kweli alizoomba kwa kinyozi. Macho aliyachonga mazuri mno, yanakutazama, lakini hayakutoboka. Tundu la kuonea aliliweka mahali linapokaa siku zote kwenye lipiko, mdomoni. Mchezaji hulivaa kichwani limelala nyuma, kidevu akakiinua, na kwa njia hiyo mdomo wa lipiko unakuja sawa na macho yake. Asiyejua akilivaa wima, anabaki gizani.

Mkewe hataligusa. Atasimama nje ya fumbo lake mwenyewe kama mgeni. Na hao wa Tandahimba wakishindwa, basi wameshindwa, mkataba unakufa, Bibiana anarudi kwenye cherehani yake na nyumba inatulia. Msinitazame mimi. Ndivyo alivyowaza, na alilala usingizi mzuri.

*

Jumamosi alifika Masasi wakati gari la Tandahimba limeshaegeshwa. Hilo nalo alilipanga. Walter alikuwa anakimbia huku na huku na nyaya mkononi.

"Fundi, umetuchelewesha! Hebu tukijaribu hicho kichwa upesi..."

"Gundi ya nywele bado mbichi. Ukikishika sasa utaharibu. Niachie nikitundike mwenyewe."

Alipofungua gunia, Bibiana alikuwa amesimama nyuma ya Walter. Aliuona uso. Mara moja akageuka, kanga ikapanda usoni, kama alivyofanya tangu utotoni.

"Baba Ethel, hilo ni lipiko," alisema akitazama ukuta.

"Wamaya siwajui mimi. Uso ninaoujua ni huu."

"Lakini mimi nitalikaguaje?"

"Kwani lazima ukague? Mwenye kazi si yupo?" Akapanda ngazi za plaiwudi akalitundika kwa kamba ndefu juu ya hekalu, taratibu, bila haraka yoyote.

Kutoka ushirika walikuja watu sita. Watano ni wanawake, mkubwa wao ni Mama Imakulata wa ghalani, mtu mzima mwenye sauti. Wa sita ni mhasibu wao, Alfredi, kijana wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku mwaka jana na bado analalamika kuhusu vumbi. Hamudi aliwafungia mlango mwenyewe, akaja kukaa chumba cha pembeni penye runinga ya kamera, pamoja na Walter, Bibiana na Silvesta.

Msitu ulikwenda vizuri ajabu. Waligombana juu ya kamba mpaka Mama Imakulata alipowapigia hesabu ya kuvuta pamoja, kama vile wanapandisha magunia kwenye lori. Kwenye mwanzi walilowa wote. Alfredi alijikuta amelala chali anaziba tundu la chini kwa kidole gumba huku dada wa mapokezi ya ofisi yao akimmwagia maji puani, na ufunguo ulipoelea juu walipiga vigelegele mpaka Jafari akaja kuchungulia. Hamudi alikuwa anapiga paja lake. "Mama Ethel! Mama Ethel wee!" Bibiana alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, macho yanamng'aa.

Wakaingia Hekaluni. Mahindi ya rangi nne yaliwachukua muda kidogo, wakayaweza. Ngazi zikawaka taa. Wakainua macho, na kelele zikakatika.

"Hee," alisema mmoja. "Lipiko."

Wanawake watano walirudi nyuma kwa pamoja, bila kuambizana.

"Nadhani inabidi mtu alivae," alisema Alfredi. "Mama Imakulata, wewe ndiye mkubwa."

"Mimi? Mwanangu, mimi nina mume na nina wakwe. Vaa wewe."

Alfredi akapanda, akaingiza kichwa. Wakamsikia kutoka ndani, sauti nzito: "Sioni kitu. Giza tupu."

"Tazama machoni!"

"Ndiyo natazama! Hakuna tundu! Kuna mbao tu hapa!"

Walter aliinuka kwenye kiti. "Macho hayajatobolewa? Fundi?"

Silvesta alikuwa anasafisha ukucha kwa njiti ya kiberiti. "Mimi nimechonga nilivyozoea. Si ndivyo ulivyoniambia?"

Alfredi alizunguka na lipiko kichwani akajigonga ukutani. Akalivua, akafuta jasho, akalivaa tena. Wanawake walikaa chini kwenye ngazi wakatazama sakafu. Mmoja akaanza kuangalia simu yake. Furaha yote ya Msitu ilivuja hivi hivi mbele ya macho ya Hamudi, na uso wa Hamudi ukawa unafungwa kidogo kidogo kama duka.

"Mama Ethel," alisema, "nilikwambia. Wakitoka wamenuna..."

Bibiana alikuwa anamtazama mumewe. Alitazama njiti ile ya kiberiti na ukucha uliokwisha kuwa msafi siku nyingi. Akaelewa yote, tangu gundi mpaka kuchelewa.

"Baba Ethel," alisema polepole, "gundi imekauka?"

Silvesta hakuinua kichwa. Bibiana akatoka.

Kwenye runinga wakamwona anaingia Hekaluni, anapita katikati ya wanawake, anapanda ngazi. Mama Imakulata alimdaka upindo wa kanga. "Mama, usiguse, utatukanwa!" Bibiana akaacha kanga mkononi mwake, akamwambia Alfredi, "Nipishe, kaka." Akalitwaa lipiko kwa mikono miwili na kulivaa.

Hakulivaa wima. Alililaza nyuma, akainua kidevu, akafungua magoti kidogo, na shingo ikakaa vilevile inavyokaa shingo ya mchezaji mwenye miaka mingi uwanjani. Kule pembeni njiti ya kiberiti ilimdondoka Silvesta.

"Kuna namba," alisema Bibiana kutoka mdomoni mwa lipiko. "Inaonekana vizuri sana. Lakini siitaji mimi, fumbo ni lenu." Akalivua, nywele zimemtimka, akamshikisha Mama Imakulata. "Uinue kidevu, mama. Utaona."

Mama Imakulata alilitazama lipiko, akamtazama Bibiana, kisha akawatazama wenzake. Na wanawake wale wakaanza kucheka, kwanza chini chini, halafu kwa sauti.

"Mwanangu, unanifundisha nini?" alisema Mama Imakulata. "Najua linavaliwaje tangu sijavunja ungo. Sote tunajua. Nilikuwa namtunzia heshima yake mzee wangu tu."

"Kumbe mlijua?" Alfredi alipiga kelele. "Mkaniacha gizani najigonga ukutani!"

"Ungeuliza, mhasibu!"

Akalivaa, kidevu juu, akataja nukta na mistari kwa sauti yake ya ghalani. Gurudumu likazunguka, mlango ukafunguka, vigelegele vikatoka mpaka barabarani.

*

Hakuna mtu wa Tandahimba aliyeuzungumzia Msitu tena. Walisimama uani na soda mkononi wakisimuliana lipiko tu, na namna mhasibu alivyozunguka. Waliahidi kuleta tawi zima. Hamudi alikuwa haamini bahati yake.

"Hili la mdomo nani alilitunga? Halimo kwenye michoro!"

Walter alimtazama Bibiana. Bibiana alikuwa anajifunga kanga yake upya, taratibu, na mbele ya wageni ulimi wake ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote ya ndoa.

"Baba Ethel," alisema.

Mimi ningemvua nguo palepale uani. Lakini Bibiana si mimi.

"Fundi!" Hamudi alimkumbatia Silvesta. "Umekaa kimya kumbe mwenye kichwa ni wewe! Karibu nimpe kazi mtu siye. Mama Ethel, usinune, mkataba ukiandikwa kwa jina la baba ni nyumba ileile, au sivyo? Jumatatu, fundi. Njoo tusaini."

Silvesta angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha. Alimwona Jafari anatabasamu pale getini, akamwona Walter amekunja uso, akamwona mkewe anatazama vidole vya miguu yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Jumatatu," alisema.

*

Jumatatu asubuhi huko Newala, Bibiana aliwasha mkaa, akaujaza kwenye pasi, akatandika blanketi juu ya meza akanyoosha shati jeupe la mumewe. Ethel ameshakwenda shule. Tangu Jumamosi wale watu wawili walikuwa wameongea mambo ya chumvi na maji tu.

Silvesta alikaa kitandani na singlendi, anatazama pasi ikipita kwenye kola. Alikuwa amepata alichotaka na zaidi, na hakikumkalia vizuri.

"Nani alikwambia?" aliuliza hatimaye.

"Nini?"

"Mdomo. Kidevu. Nani?"

Bibiana aligeuza shati upande wa pili. "Wewe."

"Mimi sijawahi kumwambia mtu."

"Kitangari, mwaka ule nilipokuja kwa mama mdogo. Lipiko lilitoka, wasichana wote wakakimbia, nami nikakimbia. Nikachungulia nyuma ya ghala. Nikaona kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda, na asubuhi yake nilikuwa nimekiona kidole hicho hicho kisimani, kwa kijana aliyenitwisha ndoo. Nikaona lipiko linainua kidevu kila linapotaka kututazama sisi wasichana. Na lilikuwa linatutazama sana." Alinyunyiza maji mkononi mwa shati. "Nikawaambia wenzangu, lile ni Silvesta. Wakacheka. Walishajua."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo..."

"Miaka yote."

"Mbona ulikuwa unakimbia?"

"Ulikuwa unafurahi nikikimbia," alisema Bibiana. "Nikaona hainigharimu kitu. Jumamosi imenigharimu."

Silvesta alipokea shati likiwa bado la moto, akaingiza mkono mmoja, akabaki hivyo hivyo, nusu kavaa.

"Nilikuona unacheka na yule kijana," alisema. "Pale kwenye mwanzi. Wivu ulinikaba, Mama Ethel. Ulinikaba kweli."

"Nilikuita uje uzibe na wewe. Ukaenda kukaa juu ya gunia."

Nje jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Silvesta alimaliza kuvaa, akafunga vifungo akikosea kimoja.

"Jitayarishe twende wote," alisema. "Nitamwambia Hamudi."

Bibiana alifungua kanga kiunoni, akaikunja. Chini yake alikuwa amevaa gauni la kijani, na viatu vyake vizuri vilikuwa vinasubiri nyuma ya mlango.

"Mimi nimeshajitayarisha. Nilikuwa naenda, useme usiseme. Nilichokuachia ni kimoja tu, uwahi kusema kabla yangu."

Silvesta alilitazama gauni lile juu mpaka chini. Na huwezi kuamini, palepale, katikati ya aibu yake yote:

"Hilo gauni nani kakununulia?"

"Nimeshona mwenyewe!" Bibiana alicheka, kicheko kilekile cha kwenye mwanzi, safari hii kikiwa cha mumewe. "Masalia ya msitu wa Hamudi. Vaa viatu, gari litatuacha."

*

Alisema. Alisimama mbele ya meza ya Hamudi na kofia mkononi, akaeleza boksi alilolichoma, macho asiyoyatoboa na kwa nini. Hamudi alifoka mpaka Jafari akasogea mlangoni. Akamwambia asikanyage tena uani kwake mpaka aitwe, na kazi ikiwepo ataitwa na mwenye vyumba, Mama Ethel. Kisha akachukua kalamu, akakata jina moja kwenye mkataba na kuandika jingine juu yake, na Bibiana akasaini kwa herufi kubwa za darasa la saba.

Walter alizunguka meza. "Hongera, Dada Bibi," alisema, akampa mkono.

Silvesta alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka akautazama mkono ule, akautazama, mpaka ulipoachiwa.